Tangi Lisilopimwa

Kila siku baada ya masomo, Kibano alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake, fundi wa redio na simu. Aliweka mkoba chini ya meza, akanawa mikono na kuvuta kigoda. Hapo alimsubiri mama yake, aliyeshona sare katika karakana ya mtaa wa pili. Jina la Kibano alipewa na mjomba, kwa sababu vidole vyake vyembamba viliokota skrubu iliyoangukia ndani ya redio wakati mjomba bado anatafuta miwani.

"Shikamoo, mjomba. Leo kuna nini?"

"Marahaba. Kuna redio inayokohoa, kuna simu iliyozama kwenye ndoo, na kuna mimi," alijibu mjomba. "Mimi ndiye mahututi. Pamba ya tangi langu imeungua."

Mjomba alikuwa mvutaji wa sigara kwa miaka mingi, kisha akahamia sigara ya umeme. Hiki ni kifaa cha betri kinachopasha maji yenye ladha na nikotini hadi yawe mvuke, na mvutaji huuvuta mvuke huo. Maji hukaa kwenye tangi dogo lililo juu ya kifaa. Tangi la mjomba lilikuwa la kufunguliwa na kutengenezwa upya, na yeye, kwa kuwa ni fundi, alilitengeneza mwenyewe.

Alikata kipande cha wavu wa chuma, laini kama kitambaa, akakikunja juu ya mpini wa bisibisi mpaka kikawa daraja dogo. Alikibana kwa skrubu mbili zinazopitisha umeme wa kukipasha moto. Kisha akamsogezea Kibano kifaa, maana kazi iliyofuata ilitaka macho makali.

Kibano alisokota pamba, akaivuta polepole chini ya daraja lile.

"Ikibana sana, maji hayapiti," mjomba alisema.

"Ikilegea, inaungua," Kibano alimalizia. Alipunguza ncha za pamba kwa mkasi, akazichambua na kuzilaza pembeni.

Maji ya nikotini aliyatia mjomba mwenyewe, akiwa amevaa glavu, kwa kuwa ni sumu hata yakigusa ngozi. Kabla ya kufunga, kila mara aligusisha sindano mbili za mita yake ya umeme kwenye tangi, akatazama namba na kusema, "Imekubali." Kibano hakuwahi kuuliza kilichokubali ni nini. Alidhani ni mazoea tu, kama vile mjomba alivyokuwa akiigonga redio mgongoni kabla ya kuifungua.

Jioni mama alipofika, aliuliza kama kawaida, "Umejifunza nini leo, mwanangu?"

"Kukaza skrubu, mama."

Ilikuwa kweli, lakini kweli iliyokatwa katikati. Kibano alijua kabisa kwamba mama angesikia habari ya tangi, kibandani asingerudi tena.

Jumamosi moja asubuhi, Kibano alikuwa akiosha vyombo. Kaka yake aliingia jikoni akiwa ameshika soksi yenye kitu ndani. Wenzake walimwita Komeo, kwa kuwa alipokaa golini mpira haukupita.

"Kibano, mdogo wangu wa pekee."

"Unataka nini?"

"Kwani siwezi kumsalimu dada yangu?"

"Ukiniita wa pekee, unataka kitu. Juzi niliishia kufua soksi zako za mpira, na sabuni ikakataa kutoa povu."

Komeo alicheka, akafungua soksi. Ndani mlikuwa na bomba fupi la chuma lenye betri, tangi juu yake, pamba na kipande cha wavu mpya. Alipewa na wachezaji wakubwa wa timu.

"Wavu wake umekatika. Nitengenezee kama unavyomtengenezea mjomba."

"Na mama akijua?"

"Atajuaje? Huu ni mvuke tu. Hata sufuria ya mama inatoa mvuke."

"Sufuria huitii mdomoni."

"Mjomba anavuta kila siku na yuko hai." Komeo alianza kukunja soksi yake. "Basi, kama huwezi, sema huwezi. Kumbe mjomba anakusifia bure."

Maneno hayo yalimchoma Kibano. Alikausha mikono, akachukua kile kifaa. Alikata wavu kwa kikata kucha, akaukunja juu ya penseli, akakaza skrubu kwa ncha ya kisu. Pamba ilipita vizuri. Lakini kona moja ya wavu ilichomoza kidogo, kama ukucha uliokatwa vibaya. Kibano aliiona. Aliibonyeza kwa kidole, akaona inatosha, akafunga tangi. Mita haikuwepo, na hakuna aliyesema "imekubali."

"Una mikono wewe," Komeo alisema. Alitia bomba katika mfuko wa kaptura, akachukua glavu zake, wakaongozana uwanjani. Kila Jumamosi Kibano aliokota mipira nyuma ya goli.

Mazoezi hayakuwa hata yameanza. Komeo aliinama kufunga kamba za viatu, na kwa kuinama huko, kitufe cha bomba kikabonyezwa mfukoni. Kwanza ilitoka harufu kama ya plastiki iliyoungua. Kisha Komeo aliruka juu, akaanza kujipiga paja kwa mikono yote miwili.

"Leo golikipa anacheza ngoma," mmoja wa wenzake alisema, na wengine wakacheka. Vicheko vilikatika walipoona moshi. Komeo alijivua kaptura, bomba likaanguka kwenye nyasi likitoa sauti kama ya maji kwenye kikaango. Mmoja wa wachezaji wakubwa alilisukumia kichakani kwa kiatu kabla mwalimu wa michezo hajafika.

Mwalimu aliwapeleka zahanati, akampigia mama simu. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani mipana, aliinama juu ya paja la Komeo. Ngozi ilikuwa nyekundu, imevimba malengelenge, na pembeni kulikuwa na alama nyeusi.

"Umeunguzwa na nini, mwanangu?"

"Chai," Komeo alisema akiwa amekaza meno. "Chai ya chupa ilinimwagikia."

"Chai hii inaacha masizi?"

Mama aliingia mbio, futi ya kupimia nguo ikiwa bado inaning'inia shingoni. Muuguzi alimgeukia.

"Mama, nisikilize. Lazima nijue kilichomuunguza. Chai ina matibabu yake na kemikali ina yake. Nikifunga kidonda hiki kikiwa na kemikali ndani, kitaendelea kuliwa chini ya bandeji."

"Si amesema chai?" mama aliuliza.

Komeo alimtazama dada yake. Macho yale yalimwomba anyamaze. Kibano alielewa vizuri. Akisema, kaka atatolewa golini, na yeye atafungiwa mlango wa kibanda. Kisha alilitazama lile paja.

"Si chai," alisema. "Ni betri ya sigara ya umeme. Wavu wake niliufunga mimi."

Hakuna aliyemkaripia. Muuguzi alivuta ndoo ya maji safi, akaanza kuosha kidonda bila haraka. Alikigusa kwa kikaratasi kidogo cha kupimia kemikali, kikaratasi kikabadilika rangi. Akaosha tena, akagusa tena. Aliendelea hivyo mpaka karatasi ikabaki na rangi yake ileile, ndipo akachukua bandeji. Kibano, aliyekuwa amesimama pembeni, alikumbuka sindano mbili za mita.

Mjomba, aliyeitwa na mama kwa simu, aliwakuta kwenye benchi la nje. Alipewa habari yote.

"Ulipima?" alimuuliza Kibano.

"Sikuwa na mita."

"Basi ungekataa kazi. Ile kona iligusa ukuta wa tangi, umeme ukapita njia ya mkato, betri ikaungua. Mita ingekuonyesha. Kifaa changu kina sehemu ya kuukata umeme mambo yakiharibika. Lile bomba halina."

"Kaka," mama alimkatiza, "hilo si darasa la leo. Mtoto kushika kidude hicho, nani aliruhusu?"

Mjomba alishusha pumzi. "Mimi, dada. Nilitaka macho yake, nikasahau kwamba macho hayo yananitazama." Alitoa kifaa chake mfukoni, akamgeukia muuguzi aliyesimama mlangoni. "Hapa kuna msaada kwa anayetaka kuacha?"

"Upo. Njoo Jumatatu," muuguzi alisema. "Na wewe, golikipa, usidanganyike kwamba ni mvuke tu. Mna nikotini mle. Mwili wa umri wako ukiizoea, utakuwa unaidai kila siku, na mapafu ndiyo yatakayolipa."

Mechi iliyofuata, Komeo aliitazama akiwa kwenye kiti nyuma ya goli, mguu umefungwa, huku golikipa mwingine akivaa glavu zake. Kibano hakukanyaga kibandani mpaka kidonda cha kaka kilipopona. Siku aliyorudi, mjomba alimpa redio mbovu tu, na mezani hapakuwa na tangi.

Jioni, wakielekea nyumbani, mama aliuliza, "Umejifunza nini leo?"

Kibano alimweleza yote, tangu waya uliokatika hadi waya aliouunga vibaya na mjomba akamrudisha aufungue upya. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hivyo ndivyo ninavyotaka," alisema. "Kila jioni uliniambia skrubu. Siku moja tu ungeniambia pamba, ningeuliza ni pamba ya nini, na paja la kaka yako lingekuwa zima. Ukificha nusu ya jambo, mwanangu, unamnyima mtu nafasi ya kukuokoa. Niambie lote, hata kama utanikasirisha. Hasira yangu hupoa haraka kuliko kidonda."