Breki ya Ifan Griffith

Mhariri alinituma nipate picha ya Emlyn Pritchard kabla giza halijaingia. Ya uso, alisisitiza, si ya mgongo. Tangu ajali ile ya treni, magazeti makubwa yalikuwa na mgongo wake tu: Emlyn akiingia kituo cha polisi, Emlyn akitoka, Emlyn akikata kona na kola ya koti imepandishwa hadi masikioni.

Mkewe, Mair, alifungua mlango kiasi cha uso kupita. Nyuma yake niliona dirisha la sebuleni limezibwa kwa mbao.

"Hayupo."

"Mair, ni mimi. Dewi."

"Najua ni wewe, Dewi Gazeti. Hata waliovunja hicho kioo nawajua. Nimesoma nao shule ya Jumapili." Akachungulia barabarani. "Yuko juu, bandani. Kila jioni yuko huko. Ukimwona mwambie chai imepoa."

Hapa Nant Eithin mtu huitwa kwa kazi yake, kwa sababu majina ya ukoo ni machache na wenye nayo ni wengi. Emlyn alikuwa Emlyn Breki, gadi wa treni. Baada ya ajali watoto walianza kumwita Emlyn Jeneza. Wakubwa waliwasikia na hawakuwakanya.

Nilipanda mlima kwa miguu kando ya reli. Mvua ilikuwa nyepesi, ile isiyosikika. Reli hii ilijengwa kuteremsha mawe ya kuezekea kutoka machimboni. Machimbo yalipofungwa ikaota majani, mpaka watu wa mji walipoifufua kwa mikono yao, bila mshahara, ili watalii waje kupanda treni ya moshi. Mwenyekiti wao alikuwa Gwilym Rees, meneja mstaafu wa benki. Rees Benki.

Ajali yenyewe ilitokea kituo cha juu. Treni ikifika pale, injini hutenganishwa na mabehewa na kuzungushwa upande wa pili. Kwa dakika chache mabehewa hubaki peke yake kwenye mteremko, yameshikwa na breki ya mkono ambayo gadi huifunga kwa kuzungusha gurudumu la chuma. Emlyn alilizungusha. Hivyo ndivyo alivyosema. Kisha mabehewa yakaanza kurudi nyuma, polepole kwanza, na abiria wakacheka wakidhani ni sehemu ya safari. Darajani behewa la mbele lilipinduka. Watu wanne walikufa, mmoja wao Alun Parry, fundi bomba wetu, aliyekuwa amempeleka mkewe kusherehekea kumbukumbu ya ndoa yao.

Jioni ya siku moja baada ya mimi kutumwa, kamati ya reli ingetoa uamuzi wake mbele ya mji mzima. Polisi walikuwa wakiungoja. Kila mtu alijua utasema nini.

Mlango wa banda la mabehewa ulikuwa wazi.

Nilisikia harufu kabla sijaona kitu. Si mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu ya mshumaa wa mafuta ya kondoo, ule waliotumia wachimbaji zamani, na nyuma yake ubaridi wa jiwe lililolowa.

"Emlyn?"

"Usiwashe taa, Dewi."

Alikuwa amekaa kwenye jukwaa dogo la nyuma ya behewa. Lilikuwa behewa lile lile la breki, lililobaki kwenye reli siku ya ajali. Wakaguzi walikwisha kulipima, na kamati ikalirudisha bandani. Chini ya magurudumu yake kulikuwa na kabari mbili za mbao. Mbele ya Emlyn lilisimama gurudumu la breki, limepakwa rangi nyekundu.

"Mair anasema chai imepoa."

"Mair anasema hivyo kila siku." Akasogea kunipisha. "Umekuja na kamera?"

"Ndiyo."

"Iache. Kaa. Ukiona kitu, uje useme wewe. Mimi nikisema wataniita mwendawazimu juu ya muuaji."

Akasimama na kulizungusha gurudumu kwa mikono miwili mpaka likakaza. Nilijaribu mwenyewe. Halikusogea hata kidogo. Akashuka, nami nikashuka. Tukasimama mbali nalo, mikono mifukoni.

Tukangoja.

Nje mvua iliacha.

Halafu... krr.

Nilimtazama Emlyn. Mikono yake ilikuwa mifukoni bado.

Krr... krr...

Gurudumu lilikuwa linafunguka. Taratibu, kwa vipande, kama linavyozungushwa na mtu aliyechoka anayebadilisha mshiko. Nikaangalia kama kuna kamba. Nikaangalia chini ya behewa. Harufu ya mshumaa ilizidi mpaka nikaionja kooni.

Krr.

Likasimama. Breki ilikuwa wazi. Kabari peke yake ndizo zilizolizuia behewa lisiondoke.

"Kila jioni?" niliuliza kwa sauti ya chini. Sijui kwa nini nilinong'ona.

"Kila jioni. Nalifunga, anafungua."

"Nani?"

Hakuna mtoto aliyekulia Nant Eithin asiyejua jibu.

Enzi za babu zetu, treni ya wachimbaji iliteremka mlima huu bila breki, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakirudi nyumbani. Mshika breki alikuwa Ifan Griffith. Kampuni ya machimbo ilisema alikuwa amelewa, yeye ambaye hakuwahi kuonja bia. Mji uliamini, kwa sababu kampuni ndiyo iliyoajiri na Ifan ndiye aliyekuwa karibu. Wakapiga mawe nyumba yake. Kanisa likamfuta ushirika. Akatembea mpaka ndani ya bwawa la machimbo, na maiti yake ikakosa pa kuzikwa ndani ya ukuta wa makaburi. Wajane wa waliokufa ndio waliong'oa gurudumu la breki yake na kulifukia chini ya mlima wa mawe mabovu. Hawakueleza sababu. Walisema tu lisiguswe.

Watu wa reli walilifukua.

Walilitafuta kwa muda mrefu, kwa kweli. Watu wanaofufua reli ya zamani wana ugonjwa mmoja: hawalali wakijua kuna kifaa cha asili mahali fulani na wao wanatumia cha bandia. Walilisugua kutu, wakalipaka rangi, wakalifunga kwenye behewa, na kamati ikapewa tuzo. Nilipiga picha siku ile. Vikongwe wawili walisimama nje ya uzio, wakakataa kuingia. Na kwa sababu zamani hapakuwa na kabari za mbao kituo cha juu, Rees Benki aliamuru ziondolewe. Zinaharibu picha za watalii, alisema. Asili ni asili.

"Kesho waambie hayo ya kabari," nilimwambia Emlyn. "Hayo yanatosha. Haya mengine nyamaza."

"Nimewaambia. Rees anasema breki iliyofungwa haihitaji kabari, kwa hiyo sikuifunga." Akalitazama gurudumu. "Akisema mbele ya mji kuwa sikuifunga, Dewi, nimekwisha. Jela naweza. Lakini Mair atanunua mkate wapi?"

Nilirudi bila picha. Mhariri alinitukana, nami nikamwacha anitukane.

*

Mkutano ulifanyika palepale bandani, maana ukumbi wa mji haukutosha, na Rees alitaka watu walione behewa kwa macho yao. Walikuja wengi, makoti yakinuka mvua. Walisimama pande zote mbili za reli. Emlyn alikaa kwenye benchi ukutani, na benchi lote lilikuwa lake. Hakuna aliyekaa karibu. Mair alikuja na kukaa. Sasa wakawa wawili.

"Mpelekeni polisi, tuondoke!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Polisi gani, alale hukohuko? Apelekwe darajani, aone walivyoona wenzake!"

"Mwulizeni Mair kama huwa anafunga hata mlango wa choo!"

Wachache walicheka. Rees aliinua mkono. Ni mtu mwenye sauti nzuri.

"Majirani zangu, tusimwonee mtu. Tutazame ushahidi." Akapanda jukwaani na kulishika gurudumu. Alilizungusha kwa utulivu mpaka likakaza. Kisha akashuka. "Toeni kabari."

Vijana wawili wa reli wakatazamana.

"Toeni."

Wakazigonga kwa nyundo, zikatoka. Mlango wa banda ulikuwa wazi na mteremko uko mbele yake. Behewa halikusogea. Watu waliacha kupumua, kisha wakapumua pamoja.

"Mnaona," Rees alisema. "Breki ikifungwa, inashika. Kwa hiyo siku ile haikufungwa. Sisemi kwa chuki. Nasema kwa masikitiko."

Ukawa mnong'ono, kisha kelele. Mtu alimtemea Emlyn mate viatuni. Nikafungua mdomo.

"Jana niliiona ikifunguka yenyewe," nilisema.

"Nini? Sema kwa sauti, Dewi Gazeti!"

"Nimesema ilifunguka yenyewe. Hakuna aliyeigusa."

Walicheka sana. Mtu aliuliza kama nimeanza kunywa na wazimu. Sikuwalaumu. Ningecheka nami.

Aliyewanyamazisha ni Nerys Parry, mjane wa Alun. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mkono uliovunjika ajalini bado umo ndani ya plasta.

"Bwana Rees. Unaamini hiyo breki?"

"Kabisa, Nerys."

"Basi panda ukae ndani."

Rees alitabasamu. "Dada yangu, hilo halina haja."

"Kiti cha Alun kilikuwa kama kile cha dirishani. Kaa pale dakika tano tu, nami nitamwambia Emlyn ni mwongo mbele ya watu wote."

Rees alilitazama behewa. Akautazama mlango ulio wazi. Akatoa leso akajifuta midomo.

Hakupanda.

Watu mia kadhaa walikuwa wakimtazama mtu mmoja asiyeinua mguu. Niliona nyuso zikigeuka, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye benchi kuelekea kwake.

"Sawa," Nerys alisema. "Nitakaa mimi."

"Nerys, hapana!" Emlyn alisimama.

Alikuwa ameshapanda. Tulimwona kupitia kioo, ameketi wima kama mtu anayesubiri treni iondoke.

Ndipo ilipokuja ile harufu.

Mafuta ya kondoo. Jiwe bichi. Safari hii haikuwa pua yangu peke yake. Mwanamke kando yangu alijiziba kwa skafu.

Krr...

Kila mtu alisikia.

Krr... krr...

"Mtoeni!" Emlyn alikuwa anakimbia. "Kabari! Rudisheni kabari!"

Behewa lilishtuka, kisha likaanza kwenda. Taratibu. Kijana mmoja alitupa kabari chini ya gurudumu. Ikapasuka kama biskuti. Emlyn alirukia jukwaa na kulishika gurudumu la breki kwa mikono miwili. Mimi nilifika mlangoni, nikamshika Nerys mkono, ule wa plasta, nikavuta. Alipiga kelele ya maumivu. Tukaanguka wote juu ya kokoto, na behewa likapita kando ya vichwa vyetu kuingia mvuani.

Niliinua uso.

Emlyn alikuwa anafunga. Mji mzima ulimwona. Mgongo umepinda, anazungusha kwa nguvu zake zote, anafunga, anafunga, na gurudumu linarudi.

"Ruka!" Mair alipiga kelele. "Emlyn, acha! Ruka!"

Hakuruka. Chini, barabara ya magari inakatiza reli, na ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Labda aliliwaza hilo. Labda mikono haikubanduka. Sauti ya chuma ilishuka mlima, ikawa ndogo, ikawa kama wadudu. Breki ilishika kidogo, tuliambiwa baadaye, kiasi cha behewa kupita barabarani nyuma tu ya basi la shule.

Halikupita darajani, na Emlyn hakutoka hai.

*

Ripoti ilitoka wakati wa baridi. Ilisema skrubu ya breki ya zamani ilikuwa imelika ndani, mahali pasipoonekana, na mtikisiko mdogo ungeweza kuilegeza hata ikiwa imefungwa vizuri. Watu waliosimama karibu, hatua zao, zingetosha. Ilisema kuondoa kabari, mara zote mbili, ulikuwa uamuzi wa mwenyekiti. Rees yuko mahakamani sasa. Vioo vya dirisha lake vimevunjwa. Mair alipelekewa mikate mingi mno, akawatupia ndege.

Ripoti inaeleza kila kitu isipokuwa jambo moja, ambalo waliliweka kwenye ukurasa wa mwisho na kulipita haraka. Mchunguzi alimuuliza kila shahidi: nani alikuwa pamoja na Pritchard kwenye jukwaa la behewa?

Hakuna aliyeuliza "pamoja na nani?" Wote walijibu. Mwanamume mzee, walisema, amevaa shati lililolowa, mikono juu ya gurudumu kando ya mikono ya Emlyn. Nerys aliapa kwamba alikuwa anamsaidia kufunga. Rees aliapa kwamba alikuwa anafungua. Walibishana hadi wakaanza kulia.

Nilikuwa karibu kama Nerys, na mimi pia niliulizwa. Nilisema sijui. Mikono sikuiangalia.

Niliutazama uso wake. Mzee yule hakuwa analiangalia gurudumu, wala Emlyn, wala mteremko uliokuwa mbele yao. Alikuwa ametugeukia sisi tuliojaa mlangoni. Alitupitia mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayetafuta nyuso anazozifahamu, za waliowahi kumpiga mawe.

Alipofika kwangu, alitikisa kichwa kukubali.