Mchi wa Pili

Aliyeisimulia habari hii kwa mara ya kwanza ni shangazi Restuta, mwaka 1997, kwenye matanga ya babu Yonasi kule Igamba. Alikuwa jikoni na wanawake wenzake, wakichambua maharage. Hakupandisha sauti. Waliomwomba airudie aliwaambia kwamba waliokuwepo wamesikia. Ninaiweka hapa kama alivyoitoa, bila kuitia chumvi.

Ilikuwa Juni 1994, Tunduma. Restuta alikuwa akikaa kwa kaka yake Deus, mtaa wa Majengo, ambako ngurumo za malori yanayosubiri kuvuka mpaka hazikomi. Jioni hiyo alikwenda kusaga, akakuta mashine imefungwa, dizeli imekwisha. Akarudi na mahindi yake kichwani, upepo wa baridi ukimrushia vumbi usoni. Akaazima mchi kwa jirani. Kisha akatoa kinu kilichokuwa kimekaa muda mrefu nyuma ya mlango.

Kilikuwa kinu cha marehemu wifi yake, Nyanzobe.

Deus alikuwa amekaa kizingitini, vijiti vyake vya dramu vimelala mapajani. Alikuwa mpiga dramu wa bendi moja iliyokuwa ikipiga kila Jumapili alasiri kwenye baa karibu na mpaka. Siku hiyo Masumbuko, kiongozi wa bendi na mpiga gitaa, alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba mikono yake ina mbio lakini haina neno. "Unajaza, unajaza tu, kama mtu anayeshindilia gunia la mkaa," alimwambia. "Ukiachiwa upige peke yako, watu wanakwenda chooni." Wenzake wakacheka. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Asipobadilika, kiti cha dramu angepewa kijana mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka.

Na kiti kile ndicho kitu pekee alichobaki nacho Deus. Kwa ajili ya kiti kile hakumzika mke wake.

Nyanzobe alikuwa binti wa mzee Makene, mfugaji aliyehamia bonde la Momba na ng'ombe wake. Mwaka uliotangulia alikwenda kujifungulia kwao. Uchungu ukakwama. Dereva wa lori alimletea Deus taarifa Jumamosi mchana, kwamba mkeo anakuita na hali ni mbaya. Lakini kesho yake kulikuwa na onyesho kubwa, na kwa mara ya kwanza Masumbuko alikuwa amemwahidi sehemu ya kupiga dramu peke yake. Deus akasema atakwenda Jumatatu. Alipofika, mama na mtoto walikuwa wamekwisha kuzikwa. Makene hakumtukana.

"Tulikuachia nafasi ya kutupa udongo," alimwambia. "Tukasubiri mpaka jua likazama. Hukuja."

Basi jioni ile Restuta akaanza kutwanga. Deus akasikiliza. Baada ya kitambo akamwambia dada yake kwamba kutwanga kwake kuna upungufu; zamani yeye Restuta na Nyanzobe walipotwanga pamoja, michi miwili katika kinu kimoja, mmoja alipiga na mwingine akasubiri, na ule mlio ulikuwa unamfanya mtu asimame barabarani. Restuta akamjibu kwamba aliyekuwa akishika mchi wa pili, Deus mwenyewe anajua mahali alipo.

 Mahindi yalipokwisha kutwangwa, Deus alikipindua kinu, mdomo chini, akavuta kigoda, akaanza kukipiga kwa vijiti. Polepole. Mkono wa kulia unauliza, kisha kimya kidogo. Unauliza tena... kimya. Kila pigo akaliachia pumzi, kama anavyofanya mtwangaji anayempisha mwenzake. Restuta, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alikiri moyoni kwamba kaka yake hajawahi kupiga vile.

Akamwambia tu kwamba kinu kitupu hakipigwi, mama yao aliwakataza.

"Mama hakuwa na bendi," Deus akasema.

Kuanzia hapo, kila alipotoka kibaruani, jua likielekea kuzama, alikaa na kinu. Alikuwa anafunga mkono wa kushoto kwa kanga ili ule wa kulia ujifunze kusubiri.

Jioni moja Restuta alikuwa ndani akimenya viazi. Nje, mlio ulikuwa mzuri mno. Pigo, jibu. Pigo, jibu. Akadhani kaka amekwisha kuufungua mkono wa kushoto.

Kisha akasikia: tok.

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

Nyanzobe alikuwa na tabia moja, na Restuta aliijua kuliko mtu yeyote, maana alisimama mbele yake kinuni kwa miaka mitatu. Akishatwanga kidogo, aligonga mchi kwenye mdomo wa kinu ili kukung'uta unga. Mara moja. Kwa upande wa kushoto.

Pigo, jibu. Pigo, jibu... tok.

Lakini kinu kilikuwa kimepinduliwa. Mdomo wake ulikuwa umelala udongoni.

Restuta akatoka. Kaka yake alikuwa peke yake. Mkono wa kushoto ulikuwa bado umefungwa kanga, umetulia mapajani. Wa kulia ulipiga, ukasubiri, na katikati ya kusubiri kule kinu kikalia chenyewe. Hewa ilikuwa imejaa harufu ya samli, ile ambayo watu wa Makene hujipaka.

"Kaka," akanong'ona. "Kigeuze hicho kinu."

"Niache, Resti."

"Unajua ni nani huyo?"

Deus aliendelea kupiga. Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini alikuwa anatabasamu.

"Ananifundisha," akasema.

"Wewe! Akufundishe kwa lipi ulilomfanyia?"

Deus akapiga tena, akasubiri.

Jumapili ya mwisho wa mwezi baa ilijaa mpaka barabarani. Sebene lilipofika kileleni, Masumbuko alinyamazisha magitaa akamwachia Deus. Deus akapiga pigo moja. Akaacha. Watu wakageuka na glasi zao mikononi. Akapiga tena, akaacha, na kutoka katika ule ukimya dramu ikajibu, na hakuna aliyejali mkono uliojibu. Restuta, aliyekuwa karibu na jukwaa, aliona kijiti cha kushoto kikiwa hewani. Waliobaki waliona dramu tu. Hakuna aliyekwenda chooni. Masumbuko alimkumbatia mbele ya watu, na yule kijana wa Nakonde, aliyekuja kutazama, akarudi kwao kimyakimya.

Watu wakaanza kusema Deus amenunua dawa Zambia. Deus alicheka. Akashona shati jipya. Kaburini kwa mkewe hakwenda, ingawa Restuta alimsihi. Alisema Jumapili ana kazi, na siku nyingine amechoka.

Ndipo ile nafasi aliyoiacha kati ya pigo na pigo ilipoanza kukua.

Mwanzoni jibu lilikuwa pigo moja. Likawa mawili, yakawa matano. Deus alijaribu kuingia, lakini mkono ulikataa mpaka jibu liishe. Nyumbani alikifungia kinu ndani. Haikusaidia. Alimwambia dada yake kwamba sasa anapiga robo tu, na robo hiyo ni kama anaiombea ruhusa. Restuta akamwambia aache bendi, aende kwa Makene, apige magoti.

"Nikiiacha," Deus akasema, "nitakuwa nimemwacha afe kwa ajili ya nini?"

Mwezi wa nane, Jumapili, jua bado linawaka. Masumbuko akanyamazisha magitaa. Deus akainua vijiti vyote viwili.

Havikushuka.

Dramu ikaanza.

Ilikuwa kazi kubwa, Restuta alisema, na hapo tu ndipo sauti yake ilipotetemeka kule jikoni. Ilikuwa kama wanawake kumi wanatwanga kwa ajili ya harusi, kisha kama mmoja tu anayetwanga huku amechoka, huku mgongo unamuuma, huku anasikiliza barabarani. Walevi walipiga makofi. Waliokuwa mbele hawakupiga. Walikuwa wanaitazama mikono iliyokwama juu, na ngozi ya dramu iliyokuwa ikibonyea yenyewe.

Harufu ya samli ikafika mpaka kaunta.

"Nyanzobe," Deus akanong'ona. "Inatosha."

Ikaendelea.

"Inatosha, mke wangu. Nimekuja."

Dramu ikanyamaza. Kwa muda palikuwa na ukimya, ukimya ambao yeye mwenyewe alikuwa amejifunza kuuacha...

Tok.

Ilibidi wanaume wawili waishushe mikono yake.

Hospitali walisema ni mishipa. Kanisani walisema mengine. Mikono yake inalima, inakula, inachuma kahawa. Lakini akitaka kugonga kitu chochote, ngumi inasimama kabla ya kufika. Mlangoni kwa mtu hupiga hodi kwa mdomo, na asiposikika, huondoka. Restuta ndiye aliyekwenda Momba kumweleza Makene. Mzee alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea fimbo yake, akauliza neno moja tu.

"Alipiga vizuri?"

Restuta akasema ndiyo. Makene akatikisa kichwa taratibu, akawafuata ng'ombe wake.

Makene alifariki mwaka 2003. Shangazi Restuta tulimzika Igamba mwaka 2011. Masumbuko yu hai, anauza vipuri Tunduma, na hapendi kuulizwa. Deus yu hai. Anaishi Ihanda, peke yake, na majirani wanasema nyumbani kwake jioni hutwangwa mahindi. Nyanzobe alifariki mwaka 1993.