Shuka la Waliobaki Nyumbani

Asubuhi Fundi hushona mlangoni, penye mwanga. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, kwa hiyo hutumia cherehani ya mkono. Mkono wa kulia huzungusha, wa kushoto huongoza kitambaa, na mdomo haupumziki. Mteja huja kushonewa gauni, akaondoka na habari za mtaa mzima.

Wiki ile Fundi hakuwa na la kusema. Ofisi inayohudumia watu wenye ulemavu ilikuwa imehamishiwa ghorofa ya tatu, na lifti hakuna. Kadi yake ya matibabu ilikuwa inaisha mwezi ujao. Kila mwenye kadi lazima afike mwenyewe kuweka dole gumba. Afikeje huko juu? Apae?

Jumatatu watu wangeandamana kwa amani mbele ya jengo hilo. Fundi alitaka kwenda, tena sana. Lakini mwaka juzi umati ulisukumana, kiti chake cha magurudumu kikapinduka, akavunjika mkono. Na mkono ndio kazi yake.

"Baki nyumbani, mama watoto," mumewe alisema. "Nitakwenda mimi."

"Kwani kadi yako inaisha?"

"Mimi sina kadi."

"Sasa utawaambia nini?"

 

Fundi alichanganyikiwa. Mtu anaandamanaje akiwa nyumbani? Aliwaza siku mbili. Kisha akachukua shuka jeupe, akalidarizi kwa uzi mwekundu majina kumi na tisa. La kwanza lilikuwa lake. Mengine yalikuwa ya watu anaowajua, ambao kwao umati na ngazi ni shida. Kila mteja aliyepita alionyeshwa shuka hilo.

Furaha haikufika jioni. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili, ambaye haoni, alipiga simu.

"Fundi, nasikia niko kwenye shuka lako."

"Upo, Mwalimu. Wa tatu kutoka juu."

"Nani kakutuma?"

Fundi akalitazama lile jina la tatu.

"Labda ningekubali, labda ningekataa," Mwalimu alisema. "Hukuniuliza. Watu wananisemea kila siku, dukani na hospitalini. Leo na wewe?"

Akakata simu.

Fundi aliona aibu, na hasira pia. Si alikuwa anasaidia? Akamwita jirani yake, Bibi Sheria. Bibi huyo alifanya kazi ya ustawi wa jamii miaka thelathini, na maneno ya kupaka mafuta hana.

"Nimekosa nini, Bibi? Vidole vimeniuma kwa ajili yao."

"Kushona si kosa. Kosa ni kuwaandamanisha watu bila wao kujua."

"Basi nifumue, nikalale?"

"Fumua, lakini usilale. Kuandamana ukiwa nyumbani ni kuandamana kamili. Andika barua. Tuma picha au sauti. Piga simu siku hiyo hiyo. Asiyeandika aseme, mwenzake aandike, kisha amsomee kabla hajaweka dole. Ila kila mtu akubali mwenyewe, na maneno yawe yake. Anayeogopa kutajwa, mwache. Ni haki yake."

"Na wakikataa wote?"

"Utabaki wewe. Wewe si mtu?"

Fundi alifumua majina kumi na nane. Kisha yeye na Bibi wakaandika barua, naye akawapigia simu wenzake, mmoja mmoja. Safari hii aliuliza, akanyamaza, akasikiliza. Kwake hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kufumua. Wawili walikataa. Watatu walisema watafikiri, wakapotea. Kumi na wawili walikubali.

Simu ya Mwalimu aliiweka mwisho, kwa woga.

"Nisomee barua mliyoandika," Mwalimu alisema. Fundi akasoma. "Hapo penye 'tunaomba kwa unyenyekevu', weka 'tunataka'. Halafu nishone."

Jumatatu mume alitandaza shuka chini ya ngazi za ofisi. Mkuu wa ofisi akashuka.

"Hawa kumi na wanne mbona siwaoni?"

Bibi Sheria alimnyooshea simu. Wote walikuwa wameunganishwa humo, na sauti imefunguliwa. "Waite," alisema.

Mkuu akasoma jina la kwanza.

"Nipo," Fundi alijibu.

"Unataka nini, mama?"

Fundi alikuwa ameandaa hotuba ndefu. Yote ikayeyuka. "Nataka kuingia ofisini kwako," alisema. "Sina njia."

Mkuu alisoma majina yote. Kila mmoja aliitika, kila mmoja akasema lake. Mwalimu alichukua muda mrefu kuliko wote.

Baada ya siku tisa, chumba kilifunguliwa chini, karibu na mlango. Fundi alifika akajiunga na foleni. Mbele yake alikuwa Mwalimu na fimbo yake.

Karani aliinua kichwa, akamtazama Fundi. "Huyu mzee anataka nini?"

Fundi alijua kabisa anachotaka. Alikuwa na maelezo yote, tena marefu.

"Muulize mwenyewe," alisema.