Chadia Hayumo Kwenye Marejeo

Chadia na Ayoubu walianza kwa kugombania prizi ya umeme. Ilikuwa siku ya soko Kasongo, kwenye kibanda cha Papa Christophe cha kuchapa na kutoa fotokopi, mkabala na wauza mawese, jenereta ikinguruma hadi watu wakawa wanasalimiana kwa kupiga kelele. Prizi ilikuwa moja, tena imelegea. Chadia, mwalimu wa biolojia, alikuwa akiandika mtihani wa wanafunzi wake kwenye kompyuta. Akaingia kijana mwenye shati jeupe na viatu vya mpira vilivyojaa matope ya Kabambare, akachomoa waya wa mwenzake bila hata salamu.

"We papa! Ile ni waya yangu!"

"Pardoni, mama. Niliona iko ya Papa Christophe."

"Uliona na macho gani? Rudisha!"

Akarudisha, kisha akasimama pale pale akitabasamu.

"Ukimaliza kukasirika utaniambia."

"Leo sitamaliza."

"Basi nitarudi kesho."

Kesho yake akarudi kweli. Chadia alikuwa mzuri akikasirika, na kitenge chake cha manjano na kilemba alichokifunga upande, na Ayoubu alilijua hilo mapema mno. Akazoea kuichukulia hasira ya mwanamke huyu kama mchezo wa kumfurahisha yeye. Hapo ndipo alipokosea, na hapo ndipo mimi ninapomchukia kidogo.

Ayoubu alikuwa mtaalamu wa kilimo kule Kabambare. Chadia alipomaliza chuo aliandika memwari, tasnifu ya kuhitimu, juu ya mihogo ambayo wamama wa vijiji vya Kabambare huihifadhi, ile isiyokunjamana majani ugonjwa ukipita. Alitembea kijiji kwa kijiji, akanyeshewa, akalala kwa watu. Chuo kikampa alama nzuri, kikaiweka kazi yake kwenye kabati, basi. Aliyeisoma yote alikuwa Ayoubu. Walipopendana, alikuwa akipanda kilimani kutafuta rezo, yaani mtandao, ili ampigie simu.

"Sheri, hii ukurasa imeniua."

"Kufa polepole, bado ziko nyingi."

"Nikimaliza, nitaanza tena. Ni wewe niko nasikia ndani."

Nani asingependa mwanamume wa namna hiyo? Alipoandika makala kwa revi moja ya nje, jarida la wataalamu, ambayo ikiikubali ingemfungulia mlango wa kusoma Kisangani, alimwomba Chadia ampangie marejeo. "Wewe uko na jicho," alimwambia. Na kweli alikuwa nalo. Revi ilitaka kila kazi ipewe namba kwa kufuata ilivyotajwa, jina la ukoo litangulie, majina mengine yakatwe yabaki herufi, jina la revi lifupishwe, mwaka ukae mahali pake na nukta mahali pake. Waliotunga sheria hizo hawajawahi kupanda pikipiki ya Kabambare, ningependa kuwaona! Chadia alifanya kazi hiyo mchana kutwa pale kwa Papa Christophe, mgongo ukiuma, akiifanya kwa mapenzi.

Akafika mwisho. Jina lake halikuwepo.

Akadhani ameruka mstari, akarudia toka juu. Halikuwepo. Akafungua makala yenyewe, na kipande cha wamama wa Kabambare kilikuwa pale, matokeo yake yale yale, karibu maneno yake yale yale. Mahali pa namba palikuwa na nukta tu. Akapiga simu.

"Ayoubu, mimi niko wapi?"

"Uko Kasongo, roho yangu."

"Mu marejeo! Mu marejeo niko wapi?"

"Aa, ile. Sheri, revi inakataza memwari. Walisema kazi yenye haijachapishwa isiingie."

"Na maneno yangu? Yenyewe hawakukataza?"

"Nilifikiri utaelewa. Sheria unaijua."

"Juu ya nini hukuniambia? Umenipa nipange majina ya watu wa dunia nzima, wengine hata muhogo hawajaumenya, langu umelitupa, kisha unaniita roho?"

"Chadia, ukikasirika unakuwaka..."

"Ukisema muzuri, nakata."

Akasema. Chadia akakata.

Ayoubu akapiga tena na tena, hakupokelewa. Akatuma ujumbe wenye maua, ukasomwa, haukujibiwa. Mwishowe akapanda pikipiki, akaanguka kwenye matope njiani, akafika Kasongo siku ya soko akiwa na udongo hadi kwenye nyusi. Chadia alikuwa kibandani, gauni jeusi, midomo imebanwa.

"Nimerekebisha," akasema Ayoubu akihema, akamfungulia makala kwenye kompyuta. "Angalia."

Chadia akasoma akiwa amesimama.

"Mihogo ya Kabambare iko wapi?"

"Nimeitoa yote. Hakuna tena neno lako bila jina lako. Mimi siko mwizi."

"Kumbe! Kwanza ulitoa jina. Sasa umetoa na wamama wenyewe, na miguu yangu, na mvua yote ilininyeshea. Mimi nibakie na nini?"

Papa Christophe akazima jenereta, akadai mafuta yameisha. Uongo mtupu, alitaka kusikia vizuri.

"Basi unataka nini?" Sasa Ayoubu naye alikuwa amewaka. "Nikiacha, mwizi. Nikitoa, mubaya. Sema!"

"Nataka kuandika! Siombi unitaje kule chini mu mustari mudogo. Ile kipande ni yangu, niiandike miye, jina langu likae juu, pale lako liko. Uliniuliza hata siku moja?"

Ayoubu alimsifu, alimpigia simu, alimpa nukta za kupanga. Kumuuliza hakuwahi.

"Hapana," akasema. "Nilikuona muzuri, sikukuona mwandishi. Nisamehe."

"Revi inafunga lini?"

"Kesho. Ukianza kuandika leo, hatuwahi."

"Na Kisangani?"

"Nafasi ya kusoma itapita nayo. Ipite."

"Usinipe zawadi, Ayoubu. Sitaki zawadi."

"Haiko zawadi. Bila ile kipande, makala iko sombe bila chumvi. Nilijua toka nyumbani, nikaogopa kusema."

Chadia akavuta kiti. Hasira ilikuwepo bado, ila sasa alikuwa akiongea na mtu anayesikia. Akaketi.

"Papa Christophe, washa."

"Mafuta iliisha, mwalimu."

"Washa!"

Jenereta ikanguruma. Chadia akarudisha kipande chake ili akiandike upya, akapanda juu kabisa chini ya kichwa cha makala, akaandika jina lake. Chini yake akaliacha la Ayoubu.

"Juu ya nini mimi niko wa pili?"

"Juu ulichomoa waya yangu."

Ayoubu akacheka, kisha kicheko kikamwisha. Akachuchumaa kando ya kiti chake na matope yake yote.

"Chadia, nitume wazee kwenu?"

Chadia hakuacha kuandika. Machozi yalimtoka, akayapangusa kwa ncha ya kilemba, akiwa bado amekunja uso.

"Watume. Wakiuliza unaoa nani, waambie Chadia Ramazani, vile imeandikwa hapa juu. Na siku nyingine ukitaka kunitoa mahali, uniulize kwanza."

"Nitauliza."

"Basi shika hiyo waya, iko inataka kutoka."

Ayoubu akaishika kwa mikono miwili, hadi Chadia akamaliza kipande chake.