Mkono wa Mwisho Kupanda

Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Nikodemo alichora ghala la kijiji cha Malindi kwa mkaa kwenye sakafu ya saruji, katika chumba cha nyuma cha kinyozi mmoja pale Magamba. Mlango mmoja. Kufuli moja. Ndani, makatoni ya mbegu za hoho na kabichi za kisasa, vikopo vya kiganjani vyenye bei ya ng'ombe.

"Kesho saa nne. Malindi yote iko kanisani. Dotto, usukani. Mimi na Kornelio ndani. Kristian nje. Ukiona mtu, piga mluzi. Kuna mwenye neno?"

Kristian alikuwa nalo, tena zito. Kesho ilikuwa sikukuu ya mavuno. Magunia ya sadaka yalihifadhiwa katika ghala lilelile, na kila mwaka, katikati ya ibada, washarika waliyafuata kwa tarumbeta ili yakanadiwe. Nikodemo, mtu wa Korogwe, angejulia wapi? Lakini Dotto alizaliwa Malindi. Na Kornelio, mdogo wake Kristian, mwaka jana tu alibeba gunia la viazi kichwani.

Kristian akamtazama Dotto. Dotto akatazama mkaa. Kornelio akamtazama kaka yake. Kama wao wamenyamaza, Kristian akajiambia, huenda utaratibu umebadilika. Upuuzi mtupu, na wote watatu walikuwa wakijidanganya kwa maneno hayohayo. Halafu kulikuwa na Juma, mwenzao. Mwezi uliopita Juma alisema mpango una kasoro, Nikodemo akamvunja goti kwa nondo. Wao watatu ndio waliomshika.

"Anayekubali, mkono juu."

Wa Dotto. Wa Kornelio. Wa Kristian ulipanda wa mwisho.

Nje alimvuta mdogo wake shati. "Kesho usije. Sema tumbo linakuuma."

"Kaka, si umenyoosha mkono? Ukiwepo wewe, mimi naogopa nini?"

Mama yao, kabla hajafa, alimkabidhi Kristian kitu kimoja tu duniani. Huyo.

Jumapili, saa nne na dakika mbili

Kufuli lilikatwa. Nikodemo na Kornelio wakaingia, soksi usoni. Ukungu ulifunika bonde lote.

Saa nne na dakika saba

Tarumbeta. Kristian akaweka vidole mdomoni, lakini ukungu ukapasuka na watu walikuwa wameshafika, zaidi ya mia, Mama Klara wa kwaya mbele yao.

"Kristian! Leo na wewe umekuja?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende tukabebe."

Vidole vikashuka. Miguu yake ikashika hatua zao. Hata wimbo akauitikia, mjinga yule, na mdogo wake yumo ndani.

Saa nne na dakika tisa

Nikodemo alitoka, akaona, akarukia gari. Dotto akaliondoa bila kugeuka nyuma. Kornelio akabaki mlangoni na katoni kifuani.

"Mwizi!"

Hakuna aliyesogea. Kisha mpiga tarumbeta mmoja akaokota jiwe. Kisha wote.

Sauti moja ingetosha: jamani, huyu ni Kornelio wetu. Kristian alikuwa nayo kooni. Mama Klara akamtia jiwe kiganjani.

"Mbona umesimama tu? Au ni mwenzako?"

Nyuso zikamgeukia. Macho ndani ya soksi nayo yalikuwa yameshamwona. Yalitulia, kama ya mtu aliyefikiwa na msaada.

Mkono wa Kristian ukapanda. Wa mwisho, lakini ulipanda.

Saa nne na robo

Mama Klara ndiye aliyeivuta soksi usoni mwa maiti. Akapiga yowe, akaketi chini matopeni na nguo zake za kwaya.

"Mtoto nimemfundisha kuimba mimi mwenyewe! Nani kaanza?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Haya, ambaye hakutupa jiwe anyooshe mkono."

Mpiga tarumbeta akatazama viatu vyake. Wengine wakatazama vyao. Kristian akaingiza mkono mfukoni, bado una tope la jiwe, akatazama chini kama wenzake.