Mkono Chini ya Kiti

"Mwenye sanduku jeusi yumo behewa la mwisho. Asifike kisiwani nalo."

Amri ilikuwa hiyo tu. Sindano alizima simu, akaipapasa bastola yake ya Glock ndani ya koti, akaingia behewani treni ikianza kuondoka.

Sandukuni mlikuwa na mtambo wa kudanganya rada za meli. Wanunuzi walikuwa wakiusubiri katika kisiwa cha mbali kabisa kaskazini. Wakiupata, meli ya abiria ingepotoshwa hadi miambani, na mamia ya watu wangezama.

Nje ilipita milima yenye theluji na maziwa yaliyotulia tuli. Abiria wote walikodolea macho madirisha. Sindano alimtazama mtu mmoja tu, yule mwenye sanduku jeusi: ndevu za kijivu, miwani mizito, pua iliyokarabatiwa na daktari ghali. Hakuwahi kuuona uso ule.

Kabla ya kukaa, mtu yule alipitisha kiganja chini ya kiti, kisha akakipiga kiti kofi dogo.

Sindano aliitambua ishara ile.

Ukaguzi ule alifundishwa na mtu mmoja tu duniani: kaka yake, aliyemwingiza katika kazi hii ya ujasusi. Ofisi ilisema alizama baharini. Ofisi inajua kufariji: ilileta bendera, maua na jeneza jepesi ajabu. Mama yao hajaacha kulia hadi leo.

Kwenye ndege ndogo ya kuelekea visiwani, mtu yule alirudia. Kiganja, kofi. Chini yao visiwa vilitawanyika kama makombo mezani. Sindano aliogopa kwelikweli. Alijiona amepanda ndege na mzimu.

Walipotua, alipiga simu.

"Bosi, kaka yangu alikufa kweli?"

"Fanya kazi, binti."

Akapata jibu lake.

Alitangulia kwenye feri ya kwenda kisiwa kile cha mwisho. Alijua kaka yake angechagua benchi la karibu na ngazi, mgongo ukutani. Alitoa pingu maalumu ya karakana ya Ofisi, inayojifunga yenyewe ikiguswa. Pete moja akaifunga kwenye mguu wa benchi. Nyingine akaiacha wazi, ikining'inia chini ya kiti.

Ukungu ulitanda. Feri iliondoka. Mtu yule alikuja, akaweka sanduku chini, akapitisha kiganja.

Klak.

Sindano alitokea ukunguni, akalivuta sanduku kwa mguu. Mdomo wa Glock ulichungulia kotini.

"Shikamoo, kaka."

Mtu yule alifumba macho. Sauti yake haikuwa imekarabatiwa.

"Marahaba, mdogo wangu. Nilikufunza vizuri mno." Akameza mate. "Mama hajambo?"

"Hajambo. Kila siku anakuombea upumzike."

"Basi usimwambie. Niachie niruke majini, yaishe."

Moyo ulimuuma Sindano, ukamuuma sana.

"Kwenye ile meli wangekuwamo mama za watu," alisema.

Alifungua sanduku, akang'oa betri ya mtambo, akaitupa baharini. Makachero wawili waliojifanya watalii, aliowaita kabla feri haijaondoka, wakasogea kumchukua mfungwa. Simu ikatetemeka.

"Sanduku?" aliuliza Bosi.

"Ninalo."

"Na mwenyewe?"

"Huyo alishakufa, Bosi. Wewe ndiye uliyetuletea habari."

Akakata simu. Alitembea taratibu hadi upande wa pili wa feri, akapata benchi tupu. Mkono wake ukaanza wenyewe kwenda chini ya kiti.

Akaurudisha mfukoni, akasafiri amesimama mpaka nchi kavu.