Sekunde Baada ya "Kata"

Kisukapicha, mashine ya kutunga filamu, hakikuhitaji waigizaji wala taa. Kilikuwa kimelishwa filamu zote kumi na moja za mwongozaji Nakijwa Mbwambo, kikapima kila mwanga na kila ukimya. Sasa, katika ukumbi mdogo jijini Dodoma, kilikuwa kikisuka ya kumi na mbili hewani, mbele ya macho yake.

Nakijwa alikuwa na miaka sabini na tisa. Tangu afiwe na mumewe, Eliamani, miaka tisa iliyopita, hakuwa ametengeneza filamu, na nyumba ilikuwa kimya mno. Alitamani kazi mpaka ikamuuma. Mhandisi Havijawa alimweleza kwamba akitia sahihi ya jina lake tu, mashine itaendelea kutoa filamu za Mbwambo hata akishaondoka duniani.

Hewani, mwanamke alibeba sufuria, akatoka jikoni. Picha ikabaki palepale: mlango, mvuke, pazia. Huo ndio mtindo wa Mbwambo, ambao wasomi wameuandikia tasnifu nene na kuuita falsafa ya kutokuwepo.

"Kata," alisema Nakijwa, kwa mazoea tu.

Picha ikazimika papo hapo.

Alikaa akitazama giza. Kisha akamsimulia mhandisi jambo ambalo hakuna tasnifu iliyoligusa. Eliamani, mshika kamera wake, alikuwa na masikio mazito. Nakijwa akisema "kata", mume hasikii. Anaendelea kuupiga picha mlango mtupu mpaka aguswe bega. Waligombana sana kwa hilo. Lakini kila Nakijwa alipokaa kuhariri, mkono ulikataa kuziondoa sekunde zile. Sifa zilipokuja, akazipokea peke yake.

Havijawa aliitazama mashine. "Tunaweza kuifanya ichelewe kusikia, mama," alisema kwa upole.

"Hakuwa akichelewa, mwanangu. Alikuwa bado anaangalia."

Aliomba kibao cha sahihi. Badala ya jina lake, aliandika: Eliamani Msuya. Kisukapicha kilipekua kumbukumbu zote za filamu duniani, kisha kikajibu kwa sauti yake tamu kwamba msanii huyo hana kazi yoyote.

Havijawa aliona haya, akaanza kuomba radhi kwa niaba ya mashine. Nakijwa alirudisha kibao mezani bila sahihi yake, akaiacha na filamu ya kumi na mbili pamoja nacho.

"Haina kosa," alisema. "Ni mimi sikuliandika jina lake. Kwenye filamu hata moja."